Kuacha mji mkubwa na kuhamia mji wa theluji: ndugu zetu wa Colorado wametuuliza



Mwezi uliopita tulipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa jamaa moja iliyokuwa ikisali pamoja nasi hapa Goma. Walikimbia, wakapitia kambini Uganda, na sasa wanakaa Aurora, mji ulioshikamana na Denver katika jimbo la Colorado, Amerika. Baba anafanya kazi ya usiku katika depo ya bidhaa. Mama anasafisha vyumba katika hoteli. Mji umewachosha: pesa ya nyumba inapanda kila mwaka, wazazi wanapishana mlangoni, watoto wanajilea wenyewe. Sasa mama amepewa kazi katika hoteli moja ya Breckenridge, mji wa milimani ambako watu huenda kucheza juu ya theluji. Mshahara unapita kidogo ule wa mjini, na mwenye kazi ameahidi chumba. Ujumbe uliisha hivi: "Wazee wetu, mnasemaje? Twende ao tubaki?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Tangu lini wazee wa kanisa la Goma wanatoa shauri juu ya theluji? Lakini tulipouliza huku na huku, tukasoma na kulinganisha, tuliona kwamba jambo hili linagusa watu wengi kuliko jamaa hiyo moja. Karibu kila parokia yetu ina watoto wake Amerika, na vijana wanaobaki hapa wanaangalia picha za mlima mweupe kwenye simu na kufikiri kwamba huko ni pumziko tu. Basi tumeona vema kueleza tulichokipata.

Tuanze na mji wa skii wenyewe. Skii ni ubao mrefu mwembamba ambao mtu anafunga chini ya kila mguu, kisha anateleza kutoka juu ya mlima hadi chini. Kupanda kwa miguu kunachosha, kwa hiyo wanatumia viti vinavyoning'inia kwenye kamba nene ya chuma. Kamba inazunguka bila kusimama, nawe unakaa, unainuliwa hadi juu. Viti vya kwanza vya namna hiyo vilijengwa Sun Valley, katika jimbo la Idaho, mwaka wa 1936. Fundi aliyevibuni, James Curran wa kampuni ya reli ya Union Pacific, alikuwa amewahi kushughulikia mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini. Alichofanya ni kuondoa ndoano ya ndizi na kuweka kiti cha mtu. Watu wetu wanaobeba ndizi mgongoni wakisikia hilo watacheka, nasi tulicheka.

Kwetu pia theluji ipo. Ndugu wa Beni na Butembo wanaiona kwenye Ruwenzori siku mawingu yanapofunguka, juu kwenye kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Lakini sisi hatuishi ndani yake. Watu wa Breckenridge wanaishi ndani yake tangu mwezi wa 11 hadi wa 4, na mwaka mwingine hata wa 5. Denver yenyewe iko kwenye mita 1,609, karibu sawa na Goma yetu. Ukiondoka Denver unafuata barabara kubwa ya magharibi, unapita katika tuneli ya Eisenhower iliyotobolewa mlimani karibu mita 3,400 juu, yaani kama unapita kwenye mdomo wa Nyiragongo, halafu unashuka hadi Breckenridge, kwenye mita zaidi ya 2,900. Kiti cha juu kabisa cha mlima wao kinakufikisha mita 3,914. Safari nzima ni karibu kilometa 130.

Miji hiyo haikuanza kwa ajili ya mchezo. Ndugu wa Kamituga na Misisi watatuelewa upesi: ilikuwa kareli. Breckenridge ilianza mwaka wa 1859 watu walipogundua dhahabu mtoni. Aspen ilianza mwaka wa 1879 kwa ajili ya feza. Watu wakamiminika, baa zikajaa, bei ya kila kitu ikapanda. Kisha mwaka wa 1893 serikali ya Amerika iliacha kununua feza kama zamani, bei ikaanguka, na Aspen iliyokuwa na watu wapatao 12,000 ikabaki na mia saba hivi kufikia mwaka wa 1930. Breckenridge nayo ikapungua hadi watu wasiofika 400 mwaka wa 1960. Nyumba zilikuwa zinaoza zikiwa zimesimama.

Hapa tunapaswa kusimama kidogo kwa ajili ya mtu mmoja, maana yeye alifika huko kabla ya mahoteli, na alikuwa mhubiri. John Lewis Dyer alizaliwa mwaka wa 1812, akawa mchungaji wa Wamethodisti, na mwaka wa 1861, akikaribia miaka 50, alielekea Colorado. Sehemu ya mwisho, toka Omaha hadi Denver, aliifanya kwa miguu, karibu kilometa 1,000. Akawekwa kuhubiria wachimbaji wa dhahabu, pamoja na wale wa Breckenridge. Wachimbaji walimsikiliza, lakini sadaka haikutosha hata chakula. Mwaka wa 1864 akakubali kazi ya kubeba barua kuvuka mlima kwenye njia ya Mosquito, yenye mita zaidi ya 4,000, kwa dola 18 kwa juma. Njia ilikuwa karibu kilometa 60. Alijitengenezea mbao za kutelezea zenye urefu wa karibu mita 3, na mara nyingi alitembea usiku, maana usiku theluji inakuwa ngumu na haimezi mtu. Safari moja miguu yake iliganda. Kila mahali alipofika aliacha barua, kisha akahubiri.

Mwanawe Elias, aliyekuwa hakimu, aliuawa kwa risasi ndani ya chumba chake cha hukumu mwaka wa 1875 kwa sababu alithubutu kuwaita watu wenye nguvu mbele ya sheria. Hakuna aliyehukumiwa. Mzee Dyer hakuondoka milimani. Mwaka wa 1880 alijenga kanisa Breckenridge, na mpaka leo linasimama na linaitwa kwa jina lake. Picha yake imo katika vioo vya rangi vya kuba la jengo la serikali ya Colorado, pamoja na waanzilishi wengine 15 wa jimbo. Tunasema haya kwa sababu ndugu zetu wakifika Breckenridge wataona jina hilo, na ni vizuri wajue kwamba mtu wa kwanza anayekumbukwa sana huko kwa mambo ya skii hakuwa anacheza. Alikuwa anatafuta chakula, kama wao.

Mchezo wenyewe ulikuja baada ya vita. Mwaka wa 1942 jeshi la Amerika lilifungua Camp Hale katika milima hiyo, kufundisha askari wa mlimani. Walipelekwa kupigana Italia. Waliorudi walikumbuka milima ya Colorado, na baadhi yao wakarudi kuifanya mahali pa michezo. Kule Aspen, tajiri mmoja wa Chicago, Walter Paepcke, alianza kununua nyumba za zamani mwaka wa 1945, na viti vya kamba vikaanza kupanda mlima majira ya baridi yaliyofuata ya 1946 na 1947. Breckenridge ilifunguliwa mwaka wa 1961. Vail ilifunguliwa mwaka wa 1962 na Pete Seibert, askari aliyekuwa amejeruhiwa Italia, pamoja na Earl Eaton, mwenyeji aliyejua milima hiyo. Kabla ya hapo lile bonde lilikuwa malisho ya kondoo. Tuneli ya Eisenhower ilipofunguliwa mwaka wa 1973, mtu wa Denver aliweza kupanda asubuhi na kurudi jioni. Toka hapo kareli mpya ikaanza, na dhahabu yake ni theluji.

Sasa nani anahamia huko? Kuna makundi mawili, na yasipotenganishwa hatutaelewa kitu.

Kundi la kwanza ni watu wenye mali waliochoka na mji. Wanataka hewa safi, kimya, mlima dirishani, watoto wakue wakicheza nje. Zamani walinunua nyumba ya pili kwa ajili ya likizo tu. Mwaka wa 2020, wakati wa korona, gavana wa Colorado alifunga mahali pote pa skii katikati ya mwezi wa 3, na maofisi ya miji mikubwa yakafungwa pia. Watu wengi wa maofisi wakaona kwamba wanaweza kufanya kazi kwa kompyuta popote penye intaneti. Wakahama. Walikuja na mshahara wa mji mkubwa, wakanunua nyumba bila kubishana bei. Leo nyumba ya jamaa moja katika wilaya ya Summit, iliyo na Breckenridge, kwa kawaida inauzwa zaidi ya dola milioni 1, na Aspen ni mamilioni mengi. Zaidi ya nusu ya nyumba za Breckenridge si za watu wanaokaa humo mwaka mzima. Usiku wa mwezi wa 5 unaweza kupita katika mtaa mzima na madirisha yote ni giza.

Hatuwahukumu watu hao. Kutamani kimya si dhambi. Nani kati yetu, baada ya siku moja ya kelele na vumbi vya Birere, hajawahi kutamani kijiji? Lakini tusisahau kwamba wao walipochagua kuhama, walihamia juu ya mgongo wa wengine.

Kundi la pili ni hao wengine. Mtu anayetelezesha skii anahitaji kitanda kilichotandikwa, sahani iliyooshwa, njia iliyofagiliwa theluji, mtoto wake aangaliwe. Kazi hizo zinafanywa na vijana wa Amerika wanaokuja kwa majira moja, na wageni kutoka Amerika ya Kusini wenye ruhusa ya miezi michache, na zaidi ya wote jamaa za wahamiaji, wengi wao kutoka Mexico na Amerika ya Kati. Katika wilaya ya Summit kuna pia Waafrika wa magharibi, hasa wa Senegali na Mauritania, ambao wamekaa huko miaka mingi. Jamaa yetu ya Aurora inaitwa kuingia katika kundi hili, si lile la kwanza. Picha kwenye simu ni za kundi la kwanza.

Tufanye hesabu pamoja, maana hapo ndipo nyumba inapojengwa ao kubomoka. Mwaka wa 2025 sheria ya Colorado ilisema mshahara wa chini kabisa ni dola 14.81 kwa saa. Denver mjini, kwa sheria yake yenyewe, ilikuwa dola 18.81. Kweli, milimani hoteli nyingi zinalipa kupita mshahara wa chini, kwa sababu zinakosa watu. Ndiyo sababu mama yule aliona mshahara mzuri. Lakini chukueni ule wa chini: saa 40 kwa juma ni karibu dola 592, mbele ya kodi ya serikali. Majuma 4 ni karibu dola 2,370. Chumba kimoja tu katika nyumba ya kushirikiana na watu wengine kinaweza kufika ao kupita dola 1,000 kwa mwezi. Chakula ni ghali kuliko mjini kwa sababu kinapandishwa mlimani kwa lori. Hapo bado bima, bado simu, bado mbuzi ya harusi ambayo watu wa huku tumeomba.

Ndiyo maana katika miji hiyo yenye utajiri mwingi kuna watu wenye kazi ya kila siku wanaolala ndani ya motokari. Si wavivu, wala si walevi. Ni mpishi, ni mwuguzi, ni mwalimu wa watoto wadogo. Breckenridge imeruhusu wafanyakazi wenye kadi walale ndani ya magari katika kiwanja kilichopangwa kwa ajili yao. Sisi ambao tumeona watu wetu wakilala ndani ya makanisa na mashule kwa sababu ya vita tulisoma habari hiyo mara mbili. Huko hakuna aliyepiga risasi.

Miji yenyewe imeona hatari. Mji usio na mtu wa kupika na wa kufundisha unakufa ukiwa na pesa mfukoni. Aspen kwa miongo mingi imekuwa na nyumba zinazosimamiwa na serikali ya mji na wilaya, karibu 3,000, ambazo ni za watu wanaofanya kazi hapo tu. Vail mwaka wa 2017 ilianza njia nyingine: mji unamlipa mwenye nyumba pesa, naye anatia sahihi kwenye hati kwamba nyumba hiyo milele itakaliwa na mtu anayefanya kazi katika wilaya, hata ikiuzwa mara kumi. Mwenye nyumba anabaki mwenye nyumba, ila hawezi tena kuigeuza hoteli. Tumeona hilo ni jambo la akili, na tumemwambia baba yule aulize kwanza ofisi ya nyumba ya mji kabla ya kutegemea ahadi ya mwenye kazi.

Maana ahadi ya chumba ina sumu ndani yake, hata kama mtoaji ana moyo mwema. Kwetu tunajua garanti ya miezi mitatu ao sita, tunajua kugombana na mwenye nyumba. Lakini kwetu ukigombana na tajiri wa kazi, usiku unarudi nyumbani kwako. Kule, chumba kikiwa cha mwenye kazi, siku kazi inaisha chumba nacho kinaisha. Je, kimeandikwa? Ni kwa mama peke yake ao kwa baba na watoto wanne pia? Vyumba vingi vya namna hiyo ni vya watu wasio na watoto, wanaolala wawili wawili ao wanne. Mama hakuwa ameuliza. Alisikia neno "chumba" na moyo ukaona nyumba.

Kuna pia mambo ya mwili, na hapa tunaomba msome polepole.

Kwenye mita 2,900 hewa ni nyepesi. Kila pumzi inaingiza karibu asilimia 70 tu ya oksijeni ambayo mtu anapata kando ya bahari. Siku za kwanza kichwa kinauma, usingizi unakosa, ngazi moja inachosha. Kwa watu wengi hali hiyo inaisha baada ya siku chache, kama wanakunywa maji na hawajikazi. Mtu wa Goma ana faida kidogo kuliko mtu wa pwani, lakini faida hiyo ni kidogo kweli, kwa maana Goma ni nusu ya urefu ule.

Hatari kubwa ni kwa wenye ugonjwa wa SS, ile drepanositozi. Jamaa zetu nyingi zina mtoto mmoja mwenye SS, na wengine wanaficha. Damu ya mtoto huyo inapokosa oksijeni inabadilika umbo na kuziba mishipa, maumivu yanaanza, na bandama inaweza kuharibika. Mlima mrefu unaleta hali hiyohiyo. Hata mtu wa AS, ambaye kwa kawaida haoni shida yoyote maisha yake yote, amewahi kuonekana akipata maumivu makali ya ubavu wa kushoto akiwa mlimani juu. Kwa hiyo jamaa yoyote ya Congo inayotaka kuhamia mji wa skii impeleke kila mtoto kupimwa damu kwanza, na imwambie daktari wazi: tunataka kwenda kukaa mita 2,900. Msiende kwanza ndipo muulize. Mama mwenye mimba pia azungumze na daktari, kwa sababu imejulikana kwamba watoto wanaozaliwa kwenye urefu ule mara nyingi wana uzito mdogo kuliko wa chini.

Jambo dogo la jikoni, lakini mama zetu watalijali: maji yanachemka kwenye digri 90 hivi, si 100. Maharagi yatakaa motoni hadi mkate wa uvumilivu uishe. Nunueni sufuria ya mvuke inayofungwa. Bugali utaiva, ila kwa kusongwa muda mrefu zaidi. Sombe, tunaambiwa, itawabidi mshuke nayo kutoka Denver ikiwa imegandishwa.

Barabara nayo ni neno. Sheria inataka, kutoka mwezi wa 9 hadi mwisho wa mwezi wa 5, kila motokari inayopita barabara ile ya milimani iwe na vifaa vya theluji vinavyotakiwa, kama magurudumu yanayofaa na minyororo ya kufunga kwenye magurudumu. Motokari ya baba yule ni ya zamani, na magurudumu yake, kwa maneno yake mwenyewe, yamekuwa laini kama sahani. Siku ya kawaida safari ni saa mbili hivi. Jumapili jioni ya majira ya baridi, wakati watu wote wa Denver wanarudi mjini kwa pamoja, inaweza kuwa mara mbili ya hiyo. Akiwa na kazi ya usiku chini na mke juu, atakuwa anaishi barabarani. Kuna basi la jimbo, Bustang, linalopanda kutoka Denver hadi Frisco, na ukifika huko mabasi ya wilaya ya Summit hayalipishwi. Hilo walikuwa hawalijui.

Halafu kuna miezi ya matope. Wenyeji wanaiita hivyo: mwezi wa 4 na wa 5, theluji inapoyeyuka, na tena mwezi wa 10 mbele ya theluji mpya. Wageni wanaondoka, mikahawa inafunga, hoteli zinapunguza saa za kazi. Mtu aliyekuwa anafanya kazi mara mbili kwa siku anabaki na siku mbili kwa juma. Na mwaka theluji inapokataa kabisa, kama majira ya 1976 na 1977, wote wanaumia pamoja. Hapa tunataka kusema na sisi wenyewe tulio huku. Ndugu akituma makuta kila mwezi kuanzia Noeli, kisha mwezi wa 5 akanyamaza, msikimbilie kusema amebadilika, amejifunza roho ya wazungu. Inawezekana anakula mchele mtupu na kuona haya kuwaambia. Tumeona jamaa zikivunjika kwa ajili ya miezi miwili ya kimya ambayo sababu yake ilikuwa matope.

Upweke ndio jambo la mwisho tulilojadili, na ndilo lililotuchukua muda mrefu. Denver na Aurora kuna ibada za Kiswahili, kuna kwaya, kuna mama wa kukukandia miguu baada ya kuzaa. Breckenridge ni mji wa watu 5,000 hivi, na wengi kati yao mwaka kesho hawatakuwepo. Mchungaji wa mji wa skii anahubiria watu wapya kila majira. Akijifunza majina, wameondoka. Vail walijenga mwaka wa 1969 kapela moja inayotumiwa kwa zamu na makanisa mbalimbali, Wakatoliki na Waprotestanti, hata jumuiya ya Wayahudi. Jambo hilo lilitupendeza, ingawa mzee mmoja wa kwetu aliuliza kwa sauti ni nani anayefagia. Lakini ibada ya zamu si sawa na kanisa linalokujua tangu utoto. Na lazima tuseme: Colorado ni kati ya majimbo ya Amerika ambako watu wengi wanajiua, na miji mizuri ya milimani haikuepushwa. Kijana anafika akiwa amebeba ndoto ya picha ile, anajikuta peke yake katika baridi, bila mtu wa kumgongea mlango. Ndugu mkipiga simu, msiulize tu habari ya kazi. Ulizeni amekula na nani.

Basi tuliwaambia nini? Hatukuwaambia "nendeni" wala "bakieni". Mama yule alituambia kitu ambacho kilitunyamazisha: kwamba kule Aurora anasikia motokari usiku kucha na moyo wake unaruka kama wakati wa mabomu, na siku moja alipopelekwa kuona ile hoteli alisimama nje dakika kumi na hakusikia kitu chochote, na akalia. Mtu asidharau machozi ya namna hiyo. Wengine wanakimbia mji kwa sababu ya foleni na bei. Yeye anatafuta mahali ambapo mwili wake utaamini kwamba vita vimeisha.

Kwa hiyo tuliwaomba mambo manne tu: watoto wapimwe damu, ahadi ya chumba iandikwe, na ionyeshe idadi ya watu, baba asiache kazi yake kabla ya miezi ya matope kupita, na mama apate namba ya angalau jamaa moja ya waumini huko juu kabla ya kufunga mizigo. Watoto walipimwa juma lililopita. Watatu hawana kitu, na wa mwisho, yule mdogo, ni AS. Daktari amewapa miadi ya kuzungumza juu ya mlima.

Jumamosi hii baba atapanda Bustang peke yake kwenda kukiona chumba. Ameahidi kututumia picha ya mlango, ya jiko, na ya karatasi yenye sahihi, kama ipo.